Nataka kupanda Jabal Shams kule Oman siku nne kwa miguu, maji nibebe kiasi gani?

Kijana_Mwembetanga

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mie nipo hapa Unguja mjini, inshaallah mwezi wa kwanza nakwenda Maskati kwa ami yangu, kuna harusi ya binti yake, na harusi ikesha nnabaki na siku sita kabla ya ndege ya kurudi. Sasa mie na binamu yangu wa hukohuko na rafiki yetu mmoja tumekubaliana tupande Jabal Shams, ule mlima mrefu kuliko yote Oman, mita elfu tatu hivi. Tulivyopanga ni gari tuliache Al Hamra, halafu tutembee kwa miguu tupite Ghul, tupande mpaka juu kabisa na kurudi, siku nne, usiku tunalala kwenye hema.

Nimewahi kutembea Lushoto siku mbili na nilimaliza vizuri tu. Lakini Lushoto kila ukitembea kidogo unakuta mto, au nyumba ya mtu unapiga hodi unapewa maji. Huku naambiwa jabali tupu. Nimepiga hesabu lita tatu kwa mtu kwa siku, zinatosha? Halafu binamu yangu ananambia nije na koti zito, mie naona nchi ya jangwa koti la nini. Na mazoezi nifanyie wapi, maana hapa kwetu ukishapanda Masingini ndio umefika mwisho wa kupanda. Anayejua anieleze kwa kina, sitaki kwenda kusumbua watu ugenini.

MamaNassor_Nizwa

Wa alaykum salaam mwanangu. Mie mzaliwa wa Wete, nipo Nizwa mwaka wa kumi na nne huu, na jabali hilo mume wangu na wanangu wanalipanda karibu kila msimu wa baridi, mie mwenyewe nimefika juu mara mbili. Kwanza hongera kwa kuuliza mapema.

Koti njoo nalo, tena zito. Mwezi wa kwanza juu kule usiku maji yanaganda kwenye chupa, wallahi nimeyaona kwa macho yangu, na upepo wake unaingia mpaka kwenye mifupa. Mchana unatembea na fulana, jua likizama tu unatafuta kila ulichonacho uvae. Mtu wa pwani hajui baridi ya namna ile, anadhani Oman ni joto moja mwaka mzima. Joto lipo, ndio, mwezi wa sita huku bondeni linapita digrii arubaini, lakini nyinyi mnakuja wakati mwengine kabisa. Kofia ya sufi, glavu, soksi nene pea mbili, na begi zito la kulalia. Usinunue vipya, pita Darajani kwenye mitumba, makoti ya Ulaya yamejaa na bei yake nafuu.

Sasa huo mpango wa kuacha gari Al Hamra mie siupendi. Kutoka Al Hamra mpaka kule uwandani juu mtakuwa mnatembea kando ya barabara ya gari, vumbi na jua, siku nzima na zaidi, na faida yake siioni. Watu wote wanapanda kwa gari mpaka uwandani, pale ni kama mita elfu mbili, ndio njia ya miguu inapoanzia. Tafuteni gari la foo-wili, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, sisi mara ya mwisho kipande cha njia kilikuwa changarawe na kona kali.

Na maji mwanangu, hapo ndipo roho yangu ilipo, nitarudi baada ya Isha nikueleze vizuri, sasa hivi nna wageni.

Seremala_Chake

Nakazia alipoishia mama. Mie nilipanda miaka miwili nyuma na wenzangu watatu, wote watu wa Pemba tunafanya kazi huku. Hesabu yako ya lita tatu ni ya kunywa tu, tena kwa mtu aliyekaa kivulini. Ukiwa unapanda na mzigo, hewa kavu kiasi ambacho jasho linakauka kabla hujalihisi, unahitaji nne za kunywa, na ukiongeza ya kupikia na chai inafika tano. Tano mara siku nne ni lita ishirini, na lita moja ya maji ni kilo moja, hio haina mjadala. Kilo ishirini za maji peke yake, bado hema, bado chakula, bado koti la mama Nassor. Hilo dumu kamili mgongoni, jaribu kulibeba kutoka Darajani mpaka Amani uone.

Ndio maana mlima wa jangwa haupangwi kwa siku, unapangwa kwa maji. Kwanza unajiuliza naweza kubeba lita ngapi, halafu lita ndio zinakwambia ulale masiku mangapi. Sisi tulifanya hivi: maji mengi tuliyaacha kwenye gari pale uwandani, tukalala pale usiku wa kwanza mwili uzowee, maana unatoka usawa wa bahari na wengine kichwa kinauma wakishapita mita elfu mbili na mia tano. Asubuhi tukashika njia ya W4, ndio jina lake, ina alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu zimepakwa kwenye mawe, unatoka alama hii unatafuta inayofuata. Usipoiona alama kwa muda, usiendelee, rudi kwenye ile ya mwisho uliyoiona. Sisi mmoja wetu alijifanya anaijua njia ya mkato tukapoteza saa nzima kwenye ukingo wa korongo, na pale ukingoni hapana ukuta wala kamba.

Kupanda ilituchukua saa sita na mizigo. Mimi kwa maoni yangu mtu asilale juu. Lala uwandani, toka na tochi za kichwani kabla ya alfajiri, beba lita tano na tende, panda, shuka, Maghrib upo kwenye gari unakunywa chai. Mzigo mwepesi ndio usalama wenyewe.

Halafu ujue kabisa ile ncha ya kaskazini ambayo ndio ndefu zaidi ni eneo la jeshi, haiendeki. Nyinyi mtafika ncha ya kusini, inapungua kidogo tu. Kamera msielekeze kule kwenye mitambo yao.

MamaNassor_Nizwa

Nimerudi. Seremala amesema kweli kuhusu maji ila kuhusu kulala hapo tunapishana, na nitasema kwa nini. Mwezi wa kwanza jua linatoka saa moja kasorobo hivi na linazama saa kumi na mbili kasoro. Hio saa kumi na moja tu za mwanga. Nyinyi ni vijana wa kwetu, hamjazowea milima, kupanda saa sita, kushuka saa nne au tano kwa sababu magoti yameshachoka, mmekaa juu nusu saa mkasali mkala. Mwanga umekwisha na nyinyi bado mpo njiani kwenye mawe yanayoteleza. Mie nimewaona vijana wanashuka usiku na tochi ya simu, moja kati ya watatu, na simu ina asilimia tisa. Nilikuwa nawatazama kutoka chini kule kwenye mahema nasoma dua mpaka wakafika.

Kwa hivyo mie ningekwambia ulale usiku mmoja juu, chini kidogo ya ncha, kuna sehemu tambarare kwenye ile miti ya zamani ya mreteni, upepo unapungua. Kila mtu atoke na lita tisa. Mkifika katikati ya njia kila mtu afiche chupa moja ya lita na nusu chini ya mawe, mpige picha na mweke alama kwenye ramani ya simu, hio ndio ya kurudia. Ifunikeni vizuri maana mbuzi wa kule hawana haya, hata mkate wanautoa ndani ya begi. Na kuni msikate, ile miti inakua polepole sana, tena mti ule hauoti bondeni, ni wa juu tu. Mitungi midogo ya gesi inauzwa Maskati, msihangaike kuja nayo kwenye ndege, hairuhusiwi.

Kwa udhu msitumie maji ya kunywa ikiwa mnaogopa yatawapungukia, udongo upo, tayammam. Muulize maalim wako kabla hujaondoka ili usipate wasiwasi ukishafika kule.

Kitu cha mwisho, na hiki naomba usome mara mbili. Mvua. Nyinyi mnajua masika na vuli, mvua unaiona inakuja. Huku mvua inanyesha juu ya jabali, bondeni ulipo wewe jua linawaka, halafu maji yanashuka kwenye wadi, yaani mkondo wa mto uliokauka, kwa ghafla na mawe na magogo. Aprili 2024 kule Samad al Shan gari iliyobeba watoto wa skuli ilisombwa na wadi, nchi nzima ililia. Usiweke hema ndani ya wadi hata kama mchanga wake umekaa kama godoro, na ukikuta maji yanapita barabarani simama, subiri, hata kama ni saa tatu, hata kama ami yako anakusubiri na chakula. Kuvuka wadi linalotembea ni kosa la kisheria huku. Namba ya dharura ni 9999, iandike kwenye karatasi.

Maweni_Mkdc

Mie kule sijafika, nachangia kwenye mazoezi tu kwa kuwa natembeza wageni huku Makunduchi. Ndugu yangu kupanda kupo hata hapa. Nenda nyumba za Michenzani, omba ruhusa kwa wenyewe, panda ngazi na begi lenye chupa za maji, mwanzo kilo tano, wiki ya tatu kilo kumi. Kushuka ndio muhimu zaidi, watu wanafanya mazoezi ya kupanda wanasahau kuwa magoti yanavunjika kwenye kushuka.

Halafu Jumapili njoo kusini utembee maweni. Jiwe letu hili la matumbawe na jiwe la Jabal Shams ni ndugu, lote ni chokaa, lote lilikuwa chini ya bahari, ndio maana kule juu watu wanaona makombe ndani ya mwamba. Linachonga vilevile na linakula viatu vilevile. Ukiweza kutembea saa nne maweni na buti zako mpya bila malengelenge basi buti ni zako. Usiende na buti ambazo hazijawahi kutembea, hio nasema kwa uchungu maana nimeshawabeba wageni mgongoni.

Kijana_Mwembetanga

Shikamoo mama Nassor, na nyote ahsanteni sana, sikutegemea kupata majibu ya namna hii. Nimekaa na binamu yangu kwenye simu jana usiku tumepanga upya. Al Hamra kwa miguu tumeifuta. Siku ya kwanza gari mpaka uwandani, tunalala. Siku ya pili tunatembea ile njia ya ukingoni inayokwenda kijiji kilichohamwa cha As Sab, twende na turudi, miguu ipashe moto na tuone korongo. Siku ya tatu tunapanda na lita tisa kila mmoja, tunalala chini ya ncha, siku ya nne tunashuka. Siku mbili zinabaki za akiba, mvua ikitokea tunaghairi hatuna haraka.

Seremala hoja yako ya mzigo mwepesi nimeielewa, ila rafiki yetu ana kilo nyingi na anakwenda taratibu, nikihesabu mwanga nauona haututoshi.

Swali langu lililobaki, lita tisa zote kwenye chupa au niweke dumu dogo moja?

Seremala_Chake

Kama mna mtu anakwenda taratibu basi mama yupo sawa, laleni juu. Mwendo ni wa yule wa nyuma, na yeye ndiye atembee mbele.

Chupa, usiweke dumu. Dumu likipasuka yamekwenda yote, na likishapungua maji yanachezacheza yanakuvuta huku na huku kwenye mawe. Chupa sita za lita moja na nusu, mbili juu kabisa ya begi karibu na mgongo, nyengine pembeni sawasawa. Na chumvi usisahau, zile pakiti za kuchanganya wanazopewa watoto wakiharisha, nunua kumi duka la dawa. Maji matupu peke yake siku mbili za jasho hayatoshi, mwenzetu mmoja alikunywa vizuri tu na bado misuli ya mapaja ilimkaza karibu na juu, tukampa pakiti mbili akakaa robo saa akasimama.

MamaNassor_Nizwa

Marahaba mwanangu. Mpango huo sasa nimeupenda. Mkipita Ghul wapo wazee wanafuma mazulia ya sufi, simameni muwasalimie na mnunue hata kitu kidogo. Na siku mtakayopanda mwachieni ami yako kwa maandishi saa mtakayorudi kwenye gari, na simu mzizime mchana mziwashe jioni, mtandao juu unashika sehemu baadhi tu. Mkishuka pitieni kwangu Nizwa, nitawapikia mchuzi wa papa, nina papa mkavu kutoka Wete.

Maweni_Mkdc

Hema ya watu watatu ninayo haitumiki mpaka mwezi wa tatu, nzuri kwa upepo, vigingi vyake vya chuma. Kule kwenye mwamba vigingi havingii, chukua kamba uifunge kwenye mawe makubwa. Njoo Jumapili uichukue, utembee na maweni humohumo. Daladala ya Makunduchi ukishuka uliza kwa watembeza wageni.

Kijana_Mwembetanga

Jumapili nakuja na gari ya kwanza, na buti nimeshavaa tangu jana.