Mrejesho: vyumba vyangu vilivyopigwa X nyekundu

Wakuu, habari zenu. Niliwaomba ushauri baada ya kuongeza vyumba viwili na ukuta hapa Mwanza, mlimani, bila kibali cha ujenzi. Halmashauri walichora X na kuniandikia faini. Wengi mlisema nikate rufaa. Mmoja akasema nisibishane, niende na karatasi zangu. Nilimsikiliza huyo, Mungu ambariki.

Hati na barua ya mwenyekiti wa mtaa nilikuwa navyo, ramani sina. Mchoraji alipokuja kupima, aligonga lile jiwe kubwa ambalo fundi wangu aliligeuza msingi, akaona ufa unaopitisha kidole. Akasema mhandisi lazima aone kwanza. Mwili ulinisisimka. Wanangu wanalala juu ya jiwe hilo!

Msingi umeongezewa nondo na zege, faini nimelipa yote, kibali kimetoka. Ukuta nimebomoa, ulikuwa unamwagia jirani maji yote ya mvua. Nimemwomba radhi mama wa watu.

Ndugu uliyeuliza kuhusu kiwanja cha kando ya ziwa, kwako ni tofauti: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Pima kabla hujanunua tofali.