Tupeane uzoefu: rimu na tairi za kubadilisha kwenye gari la spoti, ulipima nini kabla ya kununua?

Mleta mada (Toyota 86, Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu. Nina Toyota 86 ya mwaka 2013. Ilikuja kutoka Japani na rimu zake za kiwandani: inchi 17, upana 7, ofseti 48, tairi 215/45R17. Rimu mbili zimeshapinda, moja niliipigia shimo karibu na Chalinze usiku wa mvua. Nimeamua kubadilisha zote nne, na kila ninayemuuliza pale Ilala jibu ni moja: "Weka 18 mkuu, gari likae."

Kabla sijatoa pesa naomba mliopitia njia hii mtueleze. Uliweka saizi gani, kwenye gari gani, nini kilikwenda sawa na nini kilikuumiza? Naomba namba kamili. Mtu akisema "zilikaa vizuri tu" hajanisaidia, maana gari lililosimama kila rimu inalipendeza.

Kwa wanaoanza kusoma mambo haya: 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo ubavu wa tairi yangu ni milimita 97 hivi, na tairi nzima ina kipenyo cha milimita 625. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati wa upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu (kitovu kinachobeba gurudumu). Ofseti ikishuka, rimu inatoka nje.

Karibuni.

Altezza RS200, Morogoro

Mkuu, mimi nitasema yangu bila kuficha kwa sababu naona vijana wengi wanaelekea huko huko.

Altezza yangu ilikuwa na 17 kwa 7, ofseti 50, tairi 215/45R17. Nikanunua 18 kwa 9, ofseti 30. Sikupiga hesabu, niliangalia picha. Hesabu yenyewe ni hii: upana umeongezeka inchi 2, nusu yake inakwenda nje na nusu inakwenda ndani, yaani milimita 25 kila upande. Ofseti imeshuka 20, hivyo rimu yote imesogea nje milimita 20. Jumla ukingo wa nje umetoka milimita 45 na wa ndani umeingia 5. Sentimita nne na nusu nje! Madigadi ya Altezza hayana nafasi hiyo.

Ili zisiguse nikashauriwa kuvaa tairi nyembamba iliyovutwa ili ifike kingo za rimu pana, 215/35R18. Ubavu ukabaki milimita 75. Na kuna namba ya mzigo ubavuni ambayo sikuwa nikiijua: tairi ya zamani ilikuwa 87, maana yake kilo 545 kila tairi, mpya ilikuwa 84, kilo 500. Nikiwa peke yangu mjini sikuona tatizo. Tatizo lilikuja safari ya Iringa, watu wanne na mizigo. Kwenye matuta ya Mikumi nyuma ilikuwa inakwangua kila tuta, na tulipofika Ruaha Mbuyuni tairi ya nyuma kushoto ilikuwa imekatwa na ukingo wa madigadi, nyuzi zinaonekana. Mke wangu na watoto walikuwa ndani. Kitonga hatukupanda siku ile, tulilala hapo tukatumiwa tairi asubuhi.

Miezi michache baadaye bearingi za mbele zikaanza kuvuma, zote mbili. Uzito wa gari ulikuwa unazivuta kwa nje kila siku. Nilirudi kwenye 17, upana 7.5, ofseti 45, na 215/45R17. Gari limetulia na linakata kona vizuri kuliko wakati wowote wa zile 18.

Impreza WRX, Arusha

Shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Mada imenigusa. Yangu si ya rimu, ni ya tairi, lakini wenye Subaru wasome kwa makini.

Nina Subaru WRX ya toleo la GDA, giaboksi ya mkono, tairi 215/45R17. Nilipasua moja njia ya Babati. Nikanunua moja mpya ya saizi ile ile, zile tatu nikaziacha kwa sababu zilikuwa bado na nusu ya meno. Kila mtu aliniambia ni sawa, saizi haijabadilika.

Sasa tazameni. Tairi mpya ina kina cha meno kama milimita 8, zangu zilikuwa na 4. Tofauti ya milimita 4 kutoka katikati hadi nje inakuwa milimita 25 kwenye mzunguko mzima. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi nne isizidi robo inchi, yaani milimita 6 tu. Mimi nilikuwa nimezidisha mara nne. Tairi hizi huzunguka kama mara 510 kwa kila kilomita, kwa hiyo gurudumu moja linatafuta mita 12 na zaidi ambazo wenzake hawana. Gari la kuvuta miguu miwili difu yake (mtambo unaoruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti) inameza tofauti hiyo bila kelele. Kwenye Subaru ya giaboksi ya mkono kuna difu ya katikati yenye mafuta mazito, na ile tofauti inaipika muda wote unaoendesha.

Dalili zangu zilianza wakati wa kuegesha. Nikikata usukani hadi mwisho, gari linajivuta na kuruka kidogo kidogo kama breki ya mkono imeshikwa. Nilibadilisha mafuta mara mbili. Mwisho giaboksi ikashushwa na difu ya katikati ikabadilishwa, pesa ambayo ingenunua tairi nne nzuri na chenji ikabaki.

Siku hizi nikipasua moja na nyingine zimekwisha, nanunua nne. Na nanunua kwa uzi: nazungushia uzi kila tairi, nafunga fundo, napima kwa futi ya fundi cherehani. Dakika kumi.

Fundi wa tairi, Mwanza

Mleta mada, gari lako ni Toyota kwa jina, ila chini ni Subaru, na hapo ndipo mafundi wengi wanaliharibu. Nimeshapokea 86 mbili zilizoharibiwa namna moja, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Matundu ya nati ni matano kwenye duara la milimita 100. Sawa na Premio, sawa na Allion, sawa na Impreza nyingi za zamani. Mtu anakuuzia rimu ya Premio anakwambia inaingia. Haiingii. Tundu la katikati la rimu ya Premio ni milimita 54.1, habu yako ni 56.1. Nimeona mtu amelitanua kwa jiwe la kusagia. Tundu likishasagwa kwa mkono halina katikati tena, gari litatetemeka hadi ulichoke.

Rimu za dukani zisizo za kiwanda mara nyingi zina tundu kubwa la 73.1 ili ziingie magari mengi. Hizo zinahitaji pete ya kujazia kutoka 73.1 hadi 56.1. Ukikosa pete, rimu inashikwa na nati peke yake, na ikikaa pembeni hata kidogo utaanza kusikia usukani unatetemeka kwenye 80 hadi 100. Watu wanarudia balansi mara tatu, kumbe ni pete ya bei ndogo kabisa.

Nati sasa. Stadi (bolti zinazoshika nati) za Toyota nyingi ni 12 kwa 1.5, yaani unene wa milimita 12 na milimita 1.5 kati ya jino na jino. Za 86 ni 12 kwa 1.25, kama Subaru. Nati ya Corolla ukiiweka pale inaingia mzunguko mmoja au miwili halafu inakaza. Fundi mwenye haraka anaipiga kwa mashine ya upepo, meno ya stadi yanakwisha. Anza kila nati kwa vidole. Ikigoma vidoleni, simama hapo hapo.

Na kwa yule anayefikiria rimu za magari ya Kijerumani kwenye gari lenye duara la nati la 114.3, kama Altezza: nyingi za zile ni 112. Kwa macho utaona zinalingana. Nati zinakaa upande, zinalegea zenyewe barabarani. Usijaribu.

Mitsubishi Evo IX, Nakuru

Wadau, salamu kutoka Nakuru. Kwangu shida ilikuwa breki. Rimu ilikuwa 17 kama ya kiwanda, matundu sawa, ofseti sawa, nikajua nimemaliza. Kufunga mbele, mikono ya rimu inagusa kaliba za Brembo (vishikio vya breki vinavyobana diski). Kipenyo kilitosha, umbo la mikono ndilo halikutosha. Duka likakataa kurudisha kwa sababu tairi zilishavalishwa. Nikaweka spesa (bamba la kusogeza rimu nje) ya milimita 5, nati zikabaki zimeshika meno machache kuliko inavyotakiwa, sikuweza kulala kwa amani, nikaziuza kwa hasara.

Kata karatasi ngumu kwa umbo la kaliba yako, nenda nayo dukani, ipitishe nyuma ya rimu kabla hujalipa.

Jambo jingine kwa wanaoamini kubwa ni bora. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, nilikwenda Naivasha kuangalia magari kwa karibu. Gari la mamilioni, na rimu ni inchi 15! Magari hayo hayo yakikimbia kwenye lami huvaa 18. Kwenye mawe wanataka mpira mwingi kati ya rimu na ardhi. Mimi naishi kati ya lami na mawe, nikabaki na 235/45R17.

Mazda RX-8, Dar es Salaam

Nina mawazo tofauti kidogo. RX-8 ilitoka kiwandani na 225/45R18 na nimeiendesha miaka minne bila kupinda rimu hata moja, kwa sababu napima upepo kila Jumapili na najua barabara zangu. Gari la spoti tunalipenda pia kwa macho, na hilo si kosa. Anayetaka 18 aweke 18, ila anunue rimu imara na tairi yenye namba ya mzigo inayotosha.

Toyota 86, Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie mzaliwa wa Unguja, niko Maskati, na gari langu ni hilo hilo la mleta mada.

Kwanza nikwambie kwa nini tairi zako ni nyembamba. Timu ya mhandisi mkuu Tetsuya Tada iliweka 215 kwa makusudi, Michelin Primacy HP, tairi iliyofungwa pia kwenye Prius, gari la kubana mafuta. Walitaka gari lijulikane mipaka yake kwa mwendo wa kawaida, dereva ahisi linapoanza kuteleza. Mie niliweka 18 kwa 8.5 na 225/40R18. Kipenyo kimepanda hadi 637, kama asilimia 1.9. Kushika lami linashika kweli, lakini nilipoteza wepesi. Kila gurudumu lilizidi la zamani kwa kilo mbili na kitu, na gari lenye nguvu ndogo kama letu unalihisi hilo kwenye gia ya pili na ya tatu. Baada ya mwaka nikarudi 17.

La pili ni umri wa tairi. Huku kiangazi joto linapita 40, lami inachoma. Nilinunua tairi zinazong'aa, meno yote yamo, bei nzuri. Sikusoma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zilikuwa 1812, wiki ya 18 ya mwaka 2012, na mie nilizinunua 2019. Haikufika miezi miwili moja ikavimba na kuachana matabaka nikiwa njia ya Nizwa. Mwenyezi Mungu alinihifadhi. Tairi za mtumba mnazouziwa huko nyumbani nazo zisomeni hivyo hivyo. Na upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea. La kwetu ni psi 35 mbele na nyuma.

Mleta mada

Wakuu, nimerudi baada ya wiki sita. Ahsanteni sana, kila mmoja wenu amenisaidia kwa namna yake.

Nimechukua 17 kwa 8, ofseti 45, tairi 225/45R17. Kwa hesabu ile ya Morogoro: nje imetoka milimita 16, ndani imeingia 10. Kabla ya kununua nilivua gurudumu nikapima nafasi hadi kwenye shokapu, ikatosha. Kipenyo ni 634, kimezidi asilimia 1.4. Ubavu umepanda hadi milimita 101, nimepata mpira zaidi badala ya kuupoteza. Karatasi ya kaliba nilikwenda nayo, muuzaji akaniangalia kwa mshangao kisha akaomba nimwachie. Pete za 73.1 kwenda 56.1 nimeweka zote nne, nati 12 kwa 1.25 nimeanza kwa vidole mwenyewe. Tairi zilitengenezwa wiki chache tu kabla sijazinunua.

Zamani dashibodi ikisoma mwendo wa 104, simu kwa GPS ilisoma 100. Sasa dashibodi ikisoma 103 simu inasoma 100.

Nimepanda nalo Lushoto kutoka Mombo Jumamosi iliyopita, asubuhi mapema barabara ikiwa tupu. Zile kona za juu gari linashika, na bado nasikia mapema linapotaka kuachia. Nilisimama mara mbili kugusa tairi na kukagua nati.

Kitu kimoja bado: nikikata usukani hadi mwisho kulia huku narudi nyuma, tairi ya mbele inagusa plastiki ya ndani, imeacha alama ya upana wa kidole. Mwenye 86 aliyekutana na hili aniambie alisogeza plastiki au aliacha.