Soda harusini: sheha anaingiaje kwenye sinia la watu?

Mwana_Chokocho:
Assalaamu alaykum wanabaraza. Jumapili iliyopita shehiani kwetu, huku kusini Pemba, kumekaliwa kikao chini ya mwembe wa skuli. Kamati ya afya imeleta mambo mawili. La kwanza, kwenye harusi, hitma na maulidi isitolewe soda tena. Watu wapewe maji, au dafu kwa mwenye minazi. La pili, wanaouza chipsi, sambusa na barafu za rangi mlangoni mwa skuli wahamishwe wakae mbali.

Sababu mnaijua. Mtaani kwetu mwaka huu watu wawili wamekatwa mguu kwa sukari, mmoja hata miaka hamsini hajafika. Na mie mwenyewe kwenye harusi ya binamu yangu nilimhesabia mtoto wa jirani: chupa tatu kabla bwana harusi hajaingia. Chupa moja ya mililita 300 ina gramu 30 na ushei za sukari, yaani vijiko saba au vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi kama gramu 50 kwa siku nzima, na akishuka hadi 25 ndiyo bora. Yule mtoto ana miaka sita.

Swali langu: sheha, kiongozi wetu wa mtaa, ana haki ya kutupangia haya, au kila mtu na sinia lake?

Dhumna_Sita:
Sasa sheha atakaa mlangoni akionja glasi za watu? Mie najua kazi ya sheha ni barua ya kitambulisho cha ukaazi, na hiyo yenyewe wa kwetu ukimfuata siku tatu hayupo. Harusi nimechanga, kanzu nimepiga pasi, nimekaa msikitini kitako mpaka miguu imekufa ganzi, halafu unipe maji? Maji ninayo kwangu.

Mwana_Chokocho:
Hujalazimishwa maji. Tunaweza kurudi kwenye mila zetu, kahawa na halua, kama walivyofanya wazee.

Dhumna_Sita:
Hahaha! Halua! Yakhe, halua ya Wete inapikwa na nini, na mchicha? Sukari, wanga na samli, inakorogwa masaa mpaka mwiko hauzunguki. Mnamfukuza mwizi mlangoni mnamkaribisha baba yake dirishani.

Ummu_Sabri:
"Wanaouza sambusa wahamishwe wakae mbali." Nimeyasoma mara mbili maneno haya nikahisi labda sikuona vizuri. Mimi ndiye ninayeuza mlangoni mwa skuli. Kama si hiyo yenu basi ndugu yake. Naamka saa tisa za usiku, nachemsha mbatata, natwanga thomu, nafunga katlesi na kachori, saa moja nishafika na ndoo yangu. Ndoo hiyo moja ndiyo ada ya chuo, ndiyo daftari, ndiyo umeme wa tukuza. Kwenye kikao chenu mwenye duka la soda mlimwita? Hamkumwita. Mmemuona mwanamke na ndoo.

Mwana_Chokocho:
Dada yangu, hukutajwa wewe. Ila lazima tuseme kweli, wapo wanaokaanga kwa mafuta yale yale wiki nzima mpaka yamekuwa meusi kama lami.

Ummu_Sabri:
Mafuta yangu umeyaona wapi? Karayi yangu umeichungulia lini? Njoo uyaone kwanza ndo uandike. Na hao watoto wanaokuja kununua kwangu saa nne hawajatiwa kitu tumboni tangu jana usiku. Waulize baba zao wako baraza gani.

Ami_wa_Wete:
Mnagombana bure. Tatizo letu ni shibe tu. Siku hizi asubuhi boflo, mchana wali, usiku wali uliobaki. Enzi za foleni za chakula tulikula muhogo, majimbi na shelisheli, mchele ukiuona ni sikukuu, na hukuona mtu ana kitambi wala mtu ana sukari. Wallahi zile siku zingerudi mwaka mmoja tu, mahospitali yangefungwa.

Mzee_Kengeja:
Wewe Ami. Foleni hiyo ulisimama au umehadithiwa?

Ami_wa_Wete:
Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka. Wakati wa Rais Jumbe.

Mzee_Kengeja:
Wakati wa Jumbe! Ilianza Mzee Karume yu hai. Kafa Aprili 1972, na sisi tulikuwa tushakonda zamani. Mchele haukuletwa, unga haukuletwa, tukaambiwa tule vinavyoota kisiwani. Mama yangu alikuwa akitoka na giza, kanga moja kiunoni na moja kichwani, amekunja mfuko wa ukili kwapani, akirudi adhuhuri mfuko bado umekunjwa. Mdogo wangu alilishwa muhogo mchungu uliopikwa haraka, haukuloweshwa wala haukuanikwa, kwa sababu watoto walikuwa wakilia na aliyepika hakuweza kungoja siku tatu. Tukamkuta amelegea povu mdomoni. Alipona, alhamdulillah. Leo unakaa na simu yako unaniambia zile siku zirudi kwa ajili ya kitambi chako.

Ami_wa_Wete:
Ami yangu, sikukusudia hivyo. Mie nasifu muhogo, sikusifu njaa.

Mzee_Kengeja:
Kwa sisi ni kitu kimoja.

Chatne_ya_Nazi:
Nimeingia nikijua nitasoma habari za soda, nakuta tumefika 1972. Kesho naona tutakuwa kwa Sultani.

Mkwezi_Mstaafu:
Lakini kwa heshima zote, Ami ana kipande cha haki. Baba yangu alikwea minazi mpaka uzeeni, chakula chake mkate wa mofa, kunde na kibua. Hakuwahi kujua kidonge cha presha.

Ummu_Sabri:
Hakujua kidonge kwa sababu hakuna aliyempima. Babu yangu naye tuliambiwa amekufa "ghafla". Siku hizi hiyo ghafla ina jina.

Nesi_Mstaafu:
Nimekaa kimya kwa kuwa nimefanya kazi hii miaka mingi na nimechoka kubishana, lakini hebu niseme mara moja. Muhogo nao ni wanga. Wali wanga, boflo wanga, chapati wanga, viazi wanga, na wanga wote ukifika tumboni unasagwa unakuwa sukari. Alikuwa akija kwangu mgonjwa ananiambia, "Sista, sukari nimeacha kabisa, chai nakunywa kavu." Namuuliza, umefungua kinywa na nini? Chapati tatu na sahani ya muhogo wa nazi. Sasa hiyo chai kavu inamsaidia nini?

Yule mkwezi hakuokolewa na mofa peke yake. Alikuwa akipanda na kushuka minazi kutwa, mwili unaitumia ile sukari. Mtoto wake leo anakula chakula kile kile, zaidi kidogo, halafu anakaa juu ya bodaboda. Kwa hivyo sinia lipunguzwe wali, liongezwe mchicha, matembele, kunde, dagaa. Na chumvi muitazame: isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye boflo na kwenye ng'onda. Chumvi huvuta maji, damu inajaa, mishipa inabanwa. Na presha haiumi. Mtu anajihisi mzima mpaka siku upande mmoja unakataa. La mwisho, ukipewa dawa usiiache kwa kuwa umepata nafuu. Hiyo nafuu ni ya dawa.

Mkojani_Halisi:
Nilijua tutafikiwa. Ng'onda sasa! Mmemaliza soda, mmemaliza kachori za watu, mmegeukia ng'onda.

Nesi_Mstaafu:
Mwanangu, nimeandika mengi pale. Ng'onda ni neno moja.

Mkojani_Halisi:
Ndilo lililonigusa. Sisi tunavua. Changu mzuri akitoka majini ana mwenyewe, hajafika hata mchangani. Pweza ndo usiseme, anakwenda hotelini kabla hajakauka. Kinachobaki tunatia chumvi tunaanika kwa sababu barafu ni ghali na jua ni bure. Halafu anakuja mtu ananambia kula samaki mbichi na mboga. Aniuzie nani? Mgeni kutoka Italia anakula pweza wetu na saladi, anarudi kwao ana afya. Mie nala ng'onda nasomewa kijiko cha chumvi.

Chatne_ya_Nazi:
Huyu kapiga pale pale. Mada ianzwe upya: nani amekula pweza wetu?

Dhumna_Sita:
Kabla hamjaanza upya, mie natangaza nimo kwenye mazoezi. Kila Jumapili alfajiri natoka na kikundi, tunaimba barabarani mpaka watu wanatulaani, Januari mosi kwenye Siku ya Mazoezi mie fulana mpya. Tukimaliza tunapiga supu ya kongoro na chapati nne kwa kichwa. Sista, hesabu yangu ikoje?

Nesi_Mstaafu:
Supu unalipa mara mbili.

Ummu_Sabri:
Wenzetu mna Jumapili. Mimi mazoezi yangu ni kisima. Na nikisema nitembee jioni na mashoga zangu barabara ya lami, kesho yake mtaa mzima unauliza tulikuwa tunakwenda kwa nani.

Mkwezi_Mstaafu:
Hilo la kwenu huko. Mjini wanawake wana vikundi vyao, wanafanya mazoezi na mabaibui yao na hakuna anayesema.

Mzee_Kengeja:
Mjini! Watu wa mjini nao watufunze afya, wanaokula urojo saa kumi za jioni wakauita chakula.

Chatne_ya_Nazi:
Mzee, nimekuheshimu katika foleni, katika muhogo mchungu nimekuheshimu. Urojo usiuguse. Mna embe mle, mna ndimu, mna mbatata, mna mishkaki.

Mzee_Kengeja:
Mna bajia, mna kachori, mna chipsi za muhogo juu, mna unga wa ngano uliokorogwa na manjano. Kila kilichokaangwa Unguja mzima kimekutana bakuli moja kinaogelea.

Chatne_ya_Nazi:
Na ladha yake je?

Mzee_Kengeja:
Ladha sikusema.

Mwana_Chokocho:
Jamani. Jamani. Swali langu lilikuwa sheha ana haki au hana. Kamati inakutana tena Ijumaa baada ya sala na nimesema nitapeleka maoni ya watu. Mpaka sasa nina urojo, njaa na pweza.

Mkojani_Halisi:
Nikuulize wewe kwanza. Kwenye hicho kikao cha chini ya mwembe, mlikunywa nini?

Mwana_Chokocho:
Hayo yanahusiana vipi?

Mkojani_Halisi:
Jibu tu.

Dhumna_Sita:
Jibu, maalim.

Mwana_Chokocho:
Ilitolewa soda. Kulikuwa na mgeni kutoka wilayani, haikufaa kumpa maji matupu. Na sambusa mbili mbili. Mie nilichukua ya tangawizi, sikuimaliza.

Ummu_Sabri:
Sambusa alipika nani?

Mwana_Chokocho:
Sijui dada. Mama mmoja wa pale mlangoni mwa skuli.

Dhumna_Sita:
Nimefunga dhumna. Nakwenda kulala.

Ami_wa_Wete:
Miye naona hapo ndipo pa kuanzia. Kamati ikae bila soda miezi mitatu, watu wakiwaona, harusi zitafuata zenyewe. Mambo ya kula hayaendi kwa barua yenye muhuri. Tulishawahi kuamriwa tule nini, na matokeo yake kasema Mzee hapo juu. Na Mzee, nisamehe. Nimempigia simu dada yangu mkubwa usiku huu kumuuliza habari za zile siku, akanyamaza, kisha akakata.

Mzee_Kengeja:
Tushasameheana. Msalimie.

Ummu_Sabri:
Na mie niseme nilichofanya, msije mkasema nina ubishi tu. Juzi nimepika muhogo wa kuchemsha, nimeukata vipande vidogo, na chatne ya nazi na pilipili, nimeuweka upande mmoja wa ndoo na kachori upande wa pili. Vipande kumi na tano vimetoka, kumi nimerudi navyo tukala wenyewe. Watoto wa darasa la kwanza walichukua, wakubwa waliona haya, kuna mmoja kamcheka mwenziwe "mtoto wa shamba". Leo nimetia tena, na maji ya ukwaju nimeyapunguza sukari nusu. Hakuna aliyegundua ila mwalimu mmoja, akauliza kwani sukari imepanda bei? Nikamwambia imepanda.

Nesi_Mstaafu:
Hongera mwanangu. Na muhogo wako utie na kunde pembeni, utawashikilia tumboni mpaka saa saba.

Mzee_Kengeja:
Bibie, muhogo wenyewe mtamu au mchungu?

Ummu_Sabri:
Mtamu mzee wangu, wa shamba la bibi. Nakuomba upite hata kesho, nitakuwekea vipande viwili vya moto.

Mzee_Kengeja:
Allah akuzidishie. Muhogo situmii mimi tangu ile siku. Niwekee kachori.