Wakuu, klachi ngumu mpaka vidole vinakufa ganzi, ni waya au pleti?

boda_tegeta: Wakuu habari za jioni. Nina piki ya cc 125 napiga nayo boda Tegeta na Mwenge, sasa tangu hizi mvua zianze klachi imekuwa ngumu balaa, ikifika jioni kwenye foleni vidole vya kushoto sivisikii, na nikiachia inarudi taratibu kama imelala. Fundi wa kijiweni anasema pleti zimeisha nitoe hela afungue injini. Alafu nikikata usukani wote kushoto mlio unapanda wenyewe sijagusa mafuta. Msaada jamani

spana_14: Usifungue injini mkuu!! Pleti zikiisha klachi inateleza, injini inalia piki haiendi, haiwi ngumu. Huo waya umeingia maji umeshika kutu. Chomoa juu na chini, uvute kwa mkono ndani ya mpira wake, ukikwama kwama jibu unalo. Ukiteleza freshi basi angalia ule mkono mdogo kwenye injini unaovutwa na waya. Na kagua pale kwenye kichwa cha risasi, kile kidonge cha chuma mwisho wa waya kinachokaa kwenye mkono wa klachi, ukiona hata uzi mmoja umekatika nunua mwingine, oili haiungi nyuzi

mzee_wa_kimara: Kama nyuzi nzima, upe oili. Zamani tulikuwa tunafunga rambo juu ya waya, toka zipigwe marufuku 2019 mi nakata kidole cha glavu, natoboa ncha, nafunga na raba bendi naweka oili nyepesi nauning'iniza usiku kucha. Asubuhi utakuta imedondoka chini nyeusi kama chai ya rangi iliyolala. Grisi usiweke humo ndani inashika vumbi, paka kidogo kwenye kichwa tu ili kizunguke, kikikauka ndo waya unajikunja hapo hapo mpaka unakatika

spana_14: Na hilo la mlio usilichukulie poa, siku unageuza katikati ya daladala utaruka nayo. Waya wa mafuta unavutwa. Umebadilisha usukani?

boda_tegeta: Duh umejuaje 😂 niliweka ule mrefu wiki mbili zilizopita

spana_14: Basi waya mfupi, au umepitishwa vibaya umebanwa karibu na taa. Mkono wa mafuta unatakiwa uzunguke bure kama milimita 2 mpaka 6 hata usukani ukiwa umekata wote. Klachi nayo iachie icheze bure milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha ya mkono wake, ukikaza sana ndo utazila hizo pleti kweli

boda_tegeta: Mrejesho wakuu. Waya wa klachi nyuzi tatu zimekatika pale kwenye risasi, nimeshangaa ulikuwa unashikilia nini. Nimechukua mpya Kariakoo pamoja na wa mafuta mrefu kidogo. Fundi nimempa soda tu

mzee_wa_kimara: Kabla hujatoa wa zamani ufunge na mpya kwa uzi ndo uvute, utapita njia ile ile. Na wa mafuta upitishe mbali na ekzosi, mpira ukiyeyuka unarudi tena hapa kutuuliza