Mbwa wangu mweusi kila picha anatoka kama kivuli, nisaidieni

Wa_Segerea: Habari zenu wakuu. Nina mbwa wangu Bosi, mweusi tii, ana miaka 12 na miguu ya nyuma imeanza kulegea. Mdogo wangu aliyekua naye yuko masomoni Mwanza, kila akipiga simu anaomba picha. Nikimpiga sebuleni usiku linatoka bonge jeusi lenye macho mawili ya kijani. Nikimtoa uani saa saba mchana, uso wote giza na sakafu inawaka nyeupe. Natumia simu ya kawaida. Studio simpeleki, akipanda gari anatapika. Nifanyeje hapa hapa nyumbani?

FundiPicha: Zima flashi mkuu, usiiwashe tena. Nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo hiyo kijani. Saa saba nayo sahau. Jua la Dar mchana linakaribia utosini, hasa Machi na Oktoba, macho yanazama kivulini. Piga kabla ya saa mbili na nusu asubuhi au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Mlaze karibu na dirisha, mwanga umpige ubavuni. Manyoya meusi yanaonekana yanapong'aa, na yanang'aa mwanga ukitoka pembeni. Jua likiingia moja kwa moja, shusha pazia jeupe jepesi. Taa ya ndani izime, la sivyo upande mmoja utakuwa wa njano.

kiduku_88: Futa lenzi kwanza. Simu ya mfukoni huwa imejaa mafuta ya vidole.

Wa_Segerea: Nimejaribu leo asubuhi. Dirisha lina nondo na wavu wa mbu, mwanga hafifu. Halafu Bosi katoka wa kijivu, kama mbwa wa jirani.

FundiPicha: Simu ikiona weusi mwingi inadhani ni giza, inaongeza mwanga. Gusa jicho lake kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha telezesha kile kialama cha jua chini kidogo. Wavu unakula mwanga kweli, hamia mlango wa uani. Akae ndani, hatua moja kutoka kizingitini, kiubavu. Upande wenye giza tundika shuka jeupe kwenye kiti, limrudishie mwanga.

MamaKigamboni: Mdogo wangu, usimwite jina, atainuka akufuate. Lala kifudifudi, macho yako yalingane na yake, na mtu akwaruze bakuli lake nyuma ya bega lako. Mzee kama huyo usimlazimishe kukaa kwenye vigae, mtandikie mkeka. Akianza kupiga miayo na kugeuza uso, mwache apumzike, jaribu kesho.

Wa_Segerea: Jamani, asanteni. Saa kumi na moja jioni, mlangoni, juu ya mkeka. Nimepiga kama arobaini, moja imekubali. Mvi za kidevuni zinahesabika moja moja, sikujua zimekuwa nyingi hivyo. Ukiikuza picha, ndani ya jicho unauona mlango mzima na mimi nimelala chini. Nimemtumia mdogo wangu. Amepiga hapo hapo, akanyamaza kidogo, kisha akasema niweke spika aongee na Bosi.