Chemka ya nusu siku, nina mama mwenye magoti: inafaa?

BintiBuhongwa (Mwanza)

Wakuu, mwangaluka! Desemba hii tunapanda Kilimanjaro. Si mlimani, ni ukweni. Baba watoto ni mtu wa Machame, na wenzetu hao mnawajua: Krismasi usipoonekana kwenye migomba ya kwao, unaulizwa mpaka Pasaka. Safari hii tunakwenda na mama yangu mzazi kutoka Misungwi, akawaone wakwe zake ambao tangu harusi anawasikia kwenye simu tu.

Sasa mama ana magoti. Akikaa muda mrefu, kusimama ni shughuli, na basi la kutoka Nyegezi mpaka Arusha ni kutwa nzima, Shinyanga, Singida, Babati, unafika umekunjamana. Jirani yetu mmoja muuza dagaa Kirumba kamwambia huko Kilimanjaro kuna maji moto yanatoka ardhini, ukiloweka miguu magoti yanafunguka. Basi mama hana hadithi nyingine. Kila nikipiga simu, salamu hazijaisha: "Umeulizia yale maji?"

Nimeulizia. Kampuni moja ya Moshi mjini imenitajia dola 45 kwa kichwa, ziara ya nusu siku kwenda Chemka, ndiko kwenye hayo maji, na humo kuna gari, mwongozaji, kiingilio na chakula cha mchana. Tuko watano, na watoto hawana punguzo. Nilipogeuza kwa shilingi ikapita laki tano na nusu, nikaiweka simu pembeni kwanza. Kijana wao ananiandikia, "Dada njoo, maji ya moto, ya bluu, utalisahau ziwa lenu." Wifi yangu naye anasema hayo maji hayana moto wowote, nisije nikamdanganya mama wa watu.

Naomba mnisaidie. Maji yana moto au hayana? Mtu wa magoti anafika ukingoni na kuingia bila kubebwa? Watoto, mmoja ana miaka 9 na mwingine 6, wamekulia kando ya ziwa lakini kuogelea hawajui, maana sisi ziwa tunalitazama tu, humo mna mamba na kichocho. Huko kukoje? Na huyo mwongozaji wa nusu siku ananiongoza wapi hasa, kama kazi ni kuingia majini na kutoka?

DerevaBoma

Mwangaluka na wewe dada. Mimi ni mtoto wa Igoma, siku hizi niko Boma Ng'ombe naendesha wageni. Kwa hiyo jua kabisa kwamba hapa nina maslahi yangu, ila mtu wa nyumbani siwezi kumuacha apigwe.

Wifi yako kasema kweli. Chemka, wengine wanaiita Kikuletwa, si maji moto. Asubuhi ya Julai, Moshi ikiwa na baridi yake, ukiingia utasema yana uvuguvugu. Mchana wa Desemba jua likiwa utosini utayaona yana ubaridi, na watu wanayafuata kwa sababu hiyohiyo. Ni maji ya mlima: mvua inanyesha juu msituni, inazama kwenye miamba ya volkeno, inatembea chini kwa chini, inakuja kuibukia huku tambarare, Rundugai. Hapo yanaingia mto Kikuletwa, mto unamwaga bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka bwawani ni Pangani mpaka baharini. Uzuri wake ni usafi. Unasimama ukingoni unaona mizizi ya mikuyu mpaka chini kabisa, na rangi ya bluu aliyokwambia kijana ipo kweli. Moto ndio kauongeza yeye.

Halafu kuna suala la ramani, na hapa nilicheka peke yangu kwenye gari. Mtakuwa Machame, sivyo? Kampuni inataka mteremke mpaka barabara kuu, mwende kushoto hadi Moshi mjini, mpande gari lao, nalo ligeuze lirudi njia ileile, lipite tena njia panda ya Machame, lifike Boma Ng'ombe ndipo likate kushoto kwenda Rundugai. Mnalipa dola kupitishwa mlangoni kwenu! Nyie mkiteremka kutoka Machame shikeni kulia, uelekeo wa Arusha, Boma hiyo hapo. Lami inaishia hapo. Kutoka Boma ni barabara ya vumbi na mashimo, gari ya chini inakwenda kwa adabu, na mvua ikiwa imenyesha usiku dereva asiyeijua atakwama. Vijana wasio na mizigo wanapanda daladala hadi Boma, kisha bajaji au bodaboda. Kwa magoti ya mama usijaribu.

Unachotakiwa kukodi ni gari na dereva kwa nusu siku. Mpatane kwa shilingi, bei ya gari zima na si ya kichwa, na muulizane mapema: mafuta yamo? Kiingilio kimo? Akisubiri mkila, anahesabu saa? Kiingilio cha raia na cha mgeni wa nje ni tofauti, beba kitambulisho. Dola 45 ni bei waliyomtungia mtu anayelala hotelini na hajui Boma iko wapi.

Saa ya kufika ndiyo itakayoamua kama mtafurahi au mtachoka. Magari mengi ya watalii yanawapeleka watu Materuni asubuhi, maporomoko na kahawa, mchana wanawamwaga Chemka. Ukifika saa mbili na nusu asubuhi, kisima ni chenu na tumbili. Ukifika saa saba, unaoga na umati. Na Jumapili, au zile siku kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ambapo nusu ya Dar imehamia Uchagani, ni spika, nyama choma, na foleni ya wanaorukia majini kwa kamba. Wapo wanaoipenda hiyo. Mama yako sidhani. Na wakikuuzia "Materuni na Chemka siku moja" kwa nyongeza kidogo, kataa: Materuni kuna kutembea, kupanda na kushuka, mama ataishia kibandani anawasubiri.

Kuhusu kuingia: ukingo ni udongo na mizizi, kuna mahali panateleza. Kina kinaanza upesi, sehemu kubwa mtu mzima hagusi chini. Ila zipo sehemu za kukaa ukaning'iniza miguu, samaki wadogo wanakuja kudonoadonoa ngozi. Wageni wanapiga kelele, wazee wanacheka tu. Watoto wakodishie maboya ya kuvaa, na matairi ya kuelea yapo, ila tairi pekee kwa asiyejua kuogelea halitoshi, linapinduka.

NesiPansiansi

BintiBuhongwa, naingia kwa upande wa afya, maana naona mama anabebeshwa matumaini ya muuza dagaa.

Maji ya moto yanalegeza misuli na kupunguza maumivu kwa saa kadhaa. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, likishalika halirudi. Lakini mama asikate tamaa kwa sababu Chemka haina moto. Mtu akiwa majini mpaka kifuani, maji yanambeba, magoti yanapumzika na uzito mkubwa wa mwili. Akiwa amevaa boya, ameshikwa na mtu anayejua kuogelea, akapiga miguu taratibu, hilo ni zoezi zuri kwake kuliko kukaa ameloweka nyayo kwenye maji ya moto.

Ana sukari? Ana presha? Hujasema, na mimi ndilo ningeanza nalo. Mwenye sukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi anaweza kuungua kwenye maji moto asijue mpaka aone lengelenge. Na hao samaki wa kudonoa, mwenye sukari au mwenye kidonda mguuni asiwape miguu yake. Mwenye presha asikae kwenye maji ya moto muda mrefu, na akitoka asisimame kwa ghafla.

Kichocho sasa. Watu wa Mwanza tunajua mdudu anapita kwenye ngozi, anatoka kwa konokono wa maji baridi, lakini tukiona maji meupe tunasahau. Maji kuwa maangavu si cheti. Popote mlipooga maji ya asili, iwe huko au hapa ziwani, mkapime baada ya wiki 6 hadi 8, mkiwahi sana mayai hayajaanza kuonekana. Cha huku ziwani zaidi ni kile cha tumbo, kinapimwa kwa choo. Kile cha kukojoa damu kinapimwa kwa mkojo. Dawa ni praziquantel, inatolewa kwa uzito wa mtu. Watoto wako wakiwa shule ya msingi huku kanda ya ziwa, nadhani wameshaimeza kwenye kampeni za shuleni na wanajua ladha yake!

Na ndani ya basi, kila likisimama mama ashuke atembee. Kukaa kutwa nzima miguu imekunjwa ni kubaya kwa magoti na kwa mishipa ya damu.

MnyamboHalisi

Mnahangaika na Uchagani wakati maji moto ya kweli yako kanda yetu ya ziwa. Mtagata, wilaya ya Kyerwa, Kagera. Yanatoka ardhini yana moto wake, msitu umeyazunguka, na watu wamekuwa wakienda kujitibu tangu enzi za watawala wa Karagwe. Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, alipokuwa kwa mtawala Rumanyika mwaka 1876 alipelekwa kuyaona, na alikuta wagonjwa wako pale wanaoga. Mama akitaka maji moto, mpandishe meli ya Bukoba usiku, alale kitandani, magoti yamenyooka. Kutoka Bukoba kwenda Kyerwa ni gari.

Na kwa wasiotaka kuvuka ziwa, Mara kuna Majimoto, wilaya ya Serengeti. Jina la mahali linajieleza. Hakuna kijana wa dola.

DerevaBoma

Mnyambo, umesema vizuri, ila huyo Krismasi anatakiwa Machame, na mume wake hatakubali sababu ya Rumanyika!

Niongeze moja. Mkipita Makuyuni mtaona njia ya Mto wa Mbu, na mtu atakwambia Manyara nako kuna maji moto. Yapo, ndani ya hifadhi, na yana moto wa kuunguza. Ni ya kutazama. Mama akisikia hayo atataka mshuke, mwambieni mapema.

MzeeWaNyakato

Naona waongozaji wanapondwa, nami nimewahi kuifanya hiyo kazi. Bwana Dereva, wewe utakaa kwenye gari unasikiliza mpira, nani atamtazama mtoto wa miaka 6? Mwongozaji mzuri anajua kamba ile ukiiachia mapema unaangukia wapi, anajua gogo liko wapi chini ya maji, anaingia mwenyewe kwanza. Hiyo ndiyo kazi, dada, na inastahili kulipwa. Ila mwulize kabla: "Unajua kuogelea?" Utashangaa wangapi wanabadilisha mada. Mwingine anajua urefu wa Kilimanjaro mpaka sentimita, majini haingii.

BintiBuhongwa

Ahsanteni sana, nimesoma yote na kumsomea baba watoto, ambaye sasa anajifanya hiyo njia ya Boma aliijua tangu zamani.

Nesi, mama hana sukari, tumepima mwezi uliopita. Presha anayo na anameza dawa. Nimempigia, nimemweleza kwamba maji hayana moto. Kimya. Nikadhani simu imekata. Halafu akauliza, "Na hao samaki wanaodonoa, wanaliwa?" Nimemwambia hawaliwi, mama. Akasema atakuja hivyohivyo awaone, na Mtagata tumpeleke baada ya mavuno. Kwa hiyo Mnyambo jiandae kupokea wageni.

Kampuni nimeiambia hapana. Kijana ameshusha mpaka dola 30 bila kuombwa, nikashukuru nikanyamaza. Tunataka kwenda tarehe 23 asubuhi, kabla Dar haijafika. DerevaBoma, gari yako inabeba watu watano na wifi juu? Na Mzee wa Nyakato, huyo wa kukaa na watoto majini tunampata palepale au tumtafute kabla?

MzeeWaNyakato

Palepale hawakosekani vijana wanaoogelea, lakini usimchukue wa kwanza anayekukimbilia. Fika, kaa, tazama nani anawaelekeza wengine na nani anapiga picha tu. Mpatane kabla hajashika boya. Mwambie kazi ni watoto wawili, macho yasitoke hapo, na simu yake akupe wewe uishike.

DerevaBoma

Inabeba saba. Ila nafasi ya nyuma kabisa ni ya watoto, mama akae mbele anyooshe miguu. Saa moja na nusu asubuhi niwe nimeshafika kwenu Machame, mkinichelewesha kwa chai ya ukweni msinilaumu tukikuta spika. Viatu vya mpira vya kuingilia majini kwa kila mtu, kanga mbili za mama, na chakula mbebe, vibanda vya chipsi vinachelewa kuwasha moto. Mvua ikinyesha usiku wa tarehe 22 nitakupigia alfajiri, tusogeze mpaka saa nne udongo ukauke kidogo.