Boksi la Japani, ndani takataka: nimeuziwa brekipedi Arusha, nusura nitumbukie mtaroni Himo

Wakuu, nimekaa na hili jambo tangu Alhamisi nikijiambia niache, lakini kila nikishika usukani mkono unatetemeka. Na siongelei diski zilizopinda. Naongelea hasira.

Nina Toyota Noah AZR60. Naishi Moshi, shughuli zangu nyingi ziko Arusha, kwa hiyo ile barabara ya kilomita 80 na kitu nimeilamba mpaka najua tuta lipi limeongezwa lini. Mwezi uliopita nikaanza kusikia mlio mwembamba nikikanyaga breki, kiiiii, ikaanzia Usa River mpaka Kikatiti. Wenye magari mnaujua. Kuna kibati kidogo kimepachikwa kwenye pedi makusudi, lainingi (ile sehemu ya pedi inayosugua) ikikaribia kuisha kinagusa diski na kupiga kelele. Pedi mpya huwa na lainingi kama milimita 10 hivi, ikibaki 3 unatakiwa ubadilishe. Gari limesema lenyewe, nikasema leo leo.

Nikampigia fundi wangu wa mtaa wa Sakina, Arusha (alikuwa wangu, sasa si wangu tena). Akanielekeza duka. Duka silitaji, sitaki kesi. "Nenda pale mzee, sema umetumwa na mimi, atakupa bei ya kishikaji." Shikeni hilo la ushikaji, nitarudi.

Nafika, kijana kaunta ananiuliza: "Noah ya mwaka gani kaka?"

Nikamwambia ndugu yangu, kadi ya gari hii hapa, angalia chesisi namba. Akacheka. "Noah ni Noah kaka."

Hapo ndipo ningegeuza gari nikaondoka. Noah siyo Noah! Kuna zile za zamani SR40 na SR50, kuna AZR60, kuna AZR65 ya 4WD. Hata kabla hujatoka kwenye toleo moja, diski zinaweza kutofautiana kipenyo, na diski ikibadilika ukubwa, kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) na pedi navyo vinabadilika. Muuza dawa hakuulizi tu "ni mtu mzima au mtoto?" halafu akakufungia chochote. Huyu kaangalia gari kupitia dirishani, kaingia ndani, katoka na boksi.

Na boksi lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Nembo, stika inayong'aa, namba inaanzia 04465. Mimi hizo namba nazijua kidogo: kwa Toyota, 04465 ni pedi za mbele, 04466 za nyuma, diski ya mbele inaanzia 43512. Nikajiona mjanja. Nikasoma boksi, sikusoma pedi. Elfu 95 ikatoka. Nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, chini ina muhuri wa "MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI". Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? "Mashine mbovu leo kaka."

Sasa gereji. Pedi hazikuingia. Yale masikio ya pembeni yanakwama kwenye kitako cha kalipa. Mtu mwenye akili angesema hizi siyo zenyewe, rudisha. Fundi wangu akaita grainda. Wakuu, nimesimama pale naangalia cheche zinaruka, mtu anachonga masikio ya brekipedi mpya kama anachonga kibao cha mbuzi. Kapuliza vumbi kwa mdomo, kagonga na nyundo, zikaingia. "Zimekaa mzee."

Nikamuuliza diski je, hupimi? Akapitisha kidole. "Diski nzima hii, bado mpya." Mimi nikapitisha ukucha wangu ukingoni, ukakwama. Kulikuwa na ukuta kabisa, maana yake katikati pameliwa. Kapiga msasa mara tatu nne, kafunga. Kosa langu ni kunyamaza. Nilikuwa nawahi Moshi, mama mkwe yuko njiani.

Wiki mbili baadaye tunashuka kutoka Marangu, familia imejaa, nyuma mikungu miwili ya ndizi na gunia la maparachichi. Kutoka Marangu Mtoni kuja Himo ni mteremko mwanzo mwisho. Nimekanyaga breki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaanza kusikia harufu kama ya raba inayoungua. Mke wangu akadhani ni watu wanachoma takataka. Kona iliyofuata nakanyaga, pedali ngumu kama jiwe, gari haliko na habari na mimi.

Hapa nielezee kidogo maana fundi baadaye alitaka kunidanganya kwamba ni upepo. Upepo ukiingia kwenye mabomba, au mafuta ya breki yakichemka, pedali inazama, inakuwa laini kama unakanyaga sponji. Yangu haikuzama. Ilikuwa ngumu, nguvu inafika kwenye kalipa, ila lainingi imepata moto mpaka imeacha kushika diski. Hilo ni tatizo la pedi yenyewe. Nikashusha gia mpaka 2, halafu L, injini ikalia kama ng'ombe, handbreki kidogo kidogo, tukasimama pembeni moshi unatoka kwenye magurudumu yote mawili ya mbele. Mama mkwe hakusema neno. Alishuka tu, akakaa kwenye jiwe.

Kesho yake nikaita fundi mwingine hapa Moshi, mzee mmoja taratibu. Kafungua tairi, katoa pedi, kanipa mkononi bila maneno. Lainingi ilikuwa imepasuka katikati na kona moja imebanduka kwenye bamba la chuma, unaweza kuingiza wembe. Kisha akageuza ubavu wa pedi: "Soma hapa." Hakuna cha kusoma. Tupu. Pedi ya maana huwa na maandishi ubavuni, na mara nyingi utakuta herufi mbili za msuguano, kwa mfano FF au GF. Ya kwanza ni jinsi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. E iko chini, F juu yake, G juu zaidi. Zile zinazouzwa kihalali Ulaya zina alama ya E na 90R, maana yake zimepimwa zisiachane na za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Zangu hazikuwa na hata mkwaruzo wa mtoto.

Diski nazo kazipima, na nilivyompenda hapo! Hakuweka venia (kile kipimo cha unene) moja kwa moja kwa sababu ule ukingo ulioinuka ungemdanganya. Kachukua sarafu mbili za mia mbili, moja huku moja kule, kabana venia juu yake, halafu katoa unene wa sarafu. Kwenye diski yenyewe kumeandikwa MIN TH na namba, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Yangu imeshapita chini ya hiyo namba kwa zaidi ya milimita moja. Hiyo ndiyo "bado mpya".

Nikarudi Arusha na pedi zangu kwenye mfuko wa rambo. Kijana akanionyesha muhuri. Nikapandisha sauti, ndipo akatokea mwenye duka. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mkuu, malalamiko mpelekee fundi wako, si nilimpa yake elfu 15?" Yaani cha juu kimetoka kwenye breki za wanangu! Nikampigia fundi, ananiambia eti mimi nakanyaga sana breki. Mteremko wa Marangu nikanyage nini, honi?

Sasa nimefunga diski mpya pande zote mbili na pedi zilizotafutwa kwa chesisi namba. Muuzaji wa safari hii alinipigia kunieleza kuwa kuna pedi za seramiki na kuna za semi-metaliki. Seramiki kimya, vumbi kidogo. Semi-metaliki ina kelele na inakula diski, ila inavumilia moto. Kwa anayepandisha mizigo mlimani nimechukua ya pili. Mzee kaosha diski mpya kwa spirei ya breki kutoa yale mafuta ya kuzuia kutu, kasugua kutu kwenye habu, pale diski inapokaa, ndipo akafunga. Asubuhi nikaenda barabara ya TPC kule tambarare nikazizoesha: spidi 60 mpaka 10 bila kusimama kabisa, mara kumi, halafu naachia ipoe. Pedali sasa inajibu.

Nyongeza ya jioni: kuna mdau kaniambia mali bandia ni ya kupeleka FCC, yaani Tume ya Ushindani. Boksi ninalo, pedi ninazo, ila risiti ndiyo ile ya kalamu. Aliyewahi kupeleka bila risiti ya EFD anieleze alianzia wapi. Na mwenye AZR60 aliyebadilisha diski za mbele karibuni, Moshi au Arusha, aseme aliuziwa kwa chesisi namba au naye aliambiwa Noah ni Noah.